Kuku Aliyerudi Kutoka Sokoni: Maswali Yenu Kuhusu Mafua ya Ndege

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu mafua ya ndege na biashara ya kuku hai. Barua zimetoka kwa wachuuzi, wafugaji, wasafirishaji na akina mama wanaonunua kuku wa Jumapili. Pale ambapo barua kadhaa ziliuliza jambo lilelile nimechagua moja, na majibu mengine yamekuwa marefu kwa sababu swali lilidai hivyo.

Daktari, mimi huuza kuku wa kienyeji hapa Nairobi. Kuku wangu huletwa na madalali kutoka Kitui, Bomet na Busia. Siwezi kununua kuku mgonjwa, kwa kuwa mteja wangu humpapasa kifua na kumtazama macho kabla ya kutoa pesa. Kwa nini basi kila homa hii inapotajwa lawama huja sokoni? – Mchuuzi, Burma

Ndugu mchuuzi, sina shaka na jicho lako. Anayeishi kwa kuku humjua kuku mzima kwa jinsi anavyosimama tu. Tatizo ni kwamba virusi vya mafua ya ndege huanza kutoka katika mwili wa kuku kabla dalili hazijaonekana. Kuku aliyeambukizwa njiani usiku anaweza kuwa mchangamfu asubuhi, akadonoa mahindi na kuwika, huku kamasi na kinyesi chake tayari vimebeba ugonjwa. Bata ni wa hatari zaidi, maana baadhi ya aina za virusi hivi hukaa mwilini mwake kwa siku kadhaa bila yeye kuumwa hata kidogo.

Sasa itazame safari yenyewe. Dalali hukusanya kuku wawili kwa mama huyu, watano kwa jirani yake, kumi katika soko la kijijini, hadi tenga lijae. Matenga hupangwa moja juu ya jingine kwenye paa la basi au nyuma ya pikapu, na kinyesi cha kuku wa juu huwadondokea wa chini usiku kucha. Kuku hawa wamebanana, wana kiu, wamechoka, na kuku aliyechoka huambukizwa kwa urahisi. Wakifika mjini hushushwa kando ya matenga yaliyotoka njia nyingine kabisa. Kuku wa Busia na kuku wa Kitui, ambao wasingekutana maisha yao yote, wanakunywa maji katika kopo moja.

Lakini kukutana peke yake kusingetosha kuufanya ugonjwa udumu, na hapa ndipo ninapoomba unisikilize kwa makini. Virusi hivi vinahitaji kila mara kupata ndege mpya ambaye hajaambukizwa, wasipopatikana, vinakwisha. Banda la mfugaji mmoja likishapata ugonjwa, kuku hufa au hupona, na ugonjwa hukosa pa kwenda. Soko la kuku hai halina mwisho wa namna hiyo. Wale ambao hawakununuliwa leo hulala palepale, na kesho alfajiri huletewa wenzao wageni kutoka mashambani. Ugonjwa unaweza kuhama kutoka kwa kuku wa Jumatatu kwenda kwa wa Jumanne, na kutoka kwake kwenda kwa wa Jumatano, mwezi baada ya mwezi, bila soko kuwa na siku hata moja ya kupumzika. Ndiyo maana lawama huja sokoni, hata kama kila mchuuzi ni mwaminifu na kila kuku anaonekana mzima.

Haya si mawazo ya vitabuni tu. Mwaka 1997 virusi vya H5N1, aina kali ya mafua ya ndege, ambavyo mwaka uliotangulia vilikuwa vimetambuliwa kwa mabata bukini katika mkoa wa Guangdong nchini China, viliwaambukiza watu 18 mjini Hong Kong na kuwaua 6. Wanasayansi walipochunguza masoko ya kuku hai ya mji huo, waligundua kuwa karibu kuku mmoja kati ya kila watano alikuwa na virusi. Mwishoni mwa Disemba mwaka huo serikali iliwaua kuku wote wa mji, zaidi ya milioni moja, na maambukizi kwa watu yakakoma.

Wala msidhani ni tatizo la nchi maskini peke yake. Katika masoko ya kuku hai ya New York na miji ya jirani kaskazini-mashariki mwa Marekani, virusi vya aina ya H7N2 vilizunguka kuanzia mwaka 1994 hadi 2006, licha ya maabara na wakaguzi wote walionao. Hapa kwetu Kenya, wanasayansi wamewahi kupata virusi vya H9N2 kwa kuku waliokuwa wakiuzwa katika masoko ya kuku hai. H9N2 haiui kuku kwa wingi kama H5N1, na ndiyo sababu inaweza kupita mikononi mwetu bila kutambuliwa. Kilichonigusa katika habari hiyo ni kwamba ilionyesha njia iko wazi: ikiwa kirusi kipole kinaweza kuishi katika masoko yetu, kirusi kikali kikiingia kitaikuta njia ileile.

Kabla ya Pasaka nilipeleka majogoo sokoni. Wanne hawakupata bei nzuri, nikawarudisha nyumbani na kuwafungulia bandani. Wiki moja baadaye kuku wangu walianza kufa, wengine wakipinda shingo. Jirani mmoja anasema ni kideri, mwingine anasema ni mafua ya ndege. Nitajuaje? Na hawa waliobaki, niwauze upesi kabla hawajafa? – Mama mfugaji, Utawala

Pole sana, Mama. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo la haraka: tafadhali usiwauze, usiwachinje kwa ajili ya majirani, na usimpe mtu hata mmoja wa kwenda naye kijijini. Naelewa kabisa kinachokusukuma. Kuku hao ni karo, ni unga, na kila anayekufa ni hasara ambayo hakuna atakayekulipa. Lakini kuuza upesi wakati vifo vimeanza ndiyo njia inayoupeleka ugonjwa mbali kuliko nyingine zote, kwa kuwa katika siku mbili au tatu kuku wa banda moja wanaweza kuwa wamefika katika mitaa kumi.

Kuhusu kutambua, hakuna mtu awezaye kutofautisha kideri na mafua makali ya ndege kwa macho tu, mimi nikiwemo. Katika yote mawili kuku huzubaa, hukohoa, huharisha kijani, hupinda shingo, huacha kutaga na kufa kwa wingi. Ukiona undu na mashavu yamegeuka rangi ya zambarau, uso umevimba, na miguu ina madoa mekundu ya damu chini ya ngozi, shuku mafua ya ndege zaidi, lakini shaka hiyo ni lazima ithibitishwe na maabara. Kwa kawaida hapa nchini kideri ndicho kinachoua kuku wengi wa kienyeji, na kupinda shingo unakokueleza kunafanana nacho. Kideri kina chanjo ya bei nafuu, ya tone moja la jicho. Ikiwa kuku wako hawajachanjwa, zungumza na afisa wa mifugo, ila ujue kwamba chanjo ya kideri haimkingi kuku na mafua ya ndege.

Sasa nirudi kwa wale majogoo wanne, kwa sababu nadhani barua yako ina jibu lake ndani yake. Kuku aliyefika sokoni amekwisha kukanyaga kinyesi cha kuku wa kaunti nyingi. Kumrudisha bandani siku hiyohiyo ni kuwaletea kuku wako wa nyumbani kila ugonjwa uliokuwa sokoni asubuhi ile. Ningependa sheria ya kila mfugaji iwe kwamba kuku akishatoka kwenda sokoni harudi. Ni afadhali kumuuza kwa bei ya chini, au kumchinja na kumla, kuliko kumrudisha. Kama hakuna budi, mtenge mahali pa peke yake, mbali na wenzake, kwa wiki mbili hadi tatu, akiwa na chombo chake cha maji. Uwahudumie kwanza kuku wa nyumbani, kisha aliyetengwa, na usirudi kwa wa nyumbani kabla ya kunawa na kubadilisha viatu. Viatu navyo vimebeba ugonjwa mara nyingi. Mtu anatoka sokoni, anaingia moja kwa moja bandani kurusha chakula, na hata hakuwa na kuku mkononi.

Wale korongo wakubwa wanaotua kwenye miti karibu na uwanja wa Nyayo, si ndio wanaotuletea ugonjwa huu? Kwa nini mnawasumbua wachuuzi na kuwaacha ndege wa mwituni? – Msomaji, Nyayo Estate

Swali lako ni la haki, na jibu lake lina pande mbili. Ndege wa mwituni kweli hubeba virusi hivi, hasa mabata, mabata bukini na ndege wengine wa majini wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia kila mwaka na kushuka katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa. Januari 2017 Uganda ilithibitisha virusi vya H5N8 kwa ndege wa mwituni waliokufa kando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, na pia kwa kuku na mabata wa kufugwa katika wilaya ya Masaka. Katika miaka ya karibuni H5N1 imeua ndege wa mwituni katika karibu kila bara. Hakuna anayekana hilo. Korongo wa Nyayo, hata hivyo, hula mabaki ya jalalani na machinjioni, kwa hiyo mizoga ya kuku tunayoitupa hovyo ina uwezekano mkubwa wa kuwaletea wao ugonjwa.

Upande wa pili ni kwamba ndege wa mwituni hana kibali cha basi. Ugonjwa ukishaingia kwa kuku wa kufugwa, kinachousambaza kutoka wilaya hadi wilaya ni magari, matenga, vifaranga na mikono yetu. Nigeria ilipokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitisha H5N1, mwezi Februari 2006, ilikuwa katika shamba kubwa la kuku jimboni Kaduna. Wataalamu walipolinganisha virusi vya mashamba mbalimbali ya nchi hiyo walikuta kwamba ugonjwa ulikuwa umeingia zaidi ya mara moja, kwa njia tofauti. Na kisa ninachokitumia mara nyingi ninapofundisha ni cha mwaka 2004: abiria aliyetoka Thailand alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Brussels akiwa na tai wawili waliofichwa katika mzigo wake wa mkononi, na tai hao walikuwa na H5N1. Ndege hao walivuka nusu ya dunia kwa siku moja bila kupiga bawa.

Ndiyo sababu Kenya ilipiga marufuku kuku na mazao ya kuku kutoka Uganda mwezi ule wa Januari 2017. Marufuku ya namna hiyo ina faida yake, lakini ikidumu bila maelezo, na bei ya Nairobi ikapanda, kuku hupitishwa kwa njia za panya, na kuku wa njia za panya hakaguliwi na mtu yeyote.

Kijana wangu ananyonyoa kuku sokoni tangu amalize shule. Jioni hurudi akiwa na manyoya hata kwenye nywele. Je, naye anaweza kuambukizwa? – Mama, Kayole

Anaweza, Mama, ingawa si jambo la kawaida, na sitaki ukose usingizi. Virusi vya ndege haviingii kwa urahisi katika mwili wa binadamu, na maambukizi ya mtu kwa mtu yamekuwa machache mno. Hata hivyo, vikiingia vinaweza kuwa vikali sana: tangu mwaka 2003 zaidi ya watu 900 duniani wamethibitishwa kuambukizwa H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Hapa Afrika, Misri ndiyo iliyoumia zaidi, kwa wagonjwa zaidi ya 350, wengi wao wakiwa watu waliogusana na kuku wa nyumbani, na miongoni mwao wanawake na watoto wengi.

Kazi ya kijana wako ndiyo iliyo karibu zaidi na hatari, kuliko hata ya mchuuzi. Kuku anapochinjwa hupiga mabawa na kurusha damu; anapotumbukizwa katika pipa la maji moto kisha akanyonyolewa, na tumbo likapasuliwa, matone madogo sana huruka na kufika puani na machoni. Maji ya pipa yakiwa yamepoa, kama yanavyokuwa mchana wateja wanapokuwa wengi na makaa yameisha, hayaui tena chochote, na kuku wote waliobaki hupita katika maji yaleyale.

Mnunulie aproni ya plastiki inayooshwa, glavu, barakoa na, ikiwezekana, miwani ya kukinga macho. Akifika nyumbani avue nguo za kazi nje, zifuliwe peke yake kwa sabuni, naye aoge kabla ya kumbeba mtoto. Asijifute uso kwa mkono wa kazi. Na jambo moja ambalo ni bure kabisa: akipata homa kali na kikohozi ndani ya wiki mbili baada ya kushika kuku waliokuwa wakifa, amwambie daktari, bila kusubiri kuulizwa, kwamba yeye hufanya kazi ya kuku. Daktari asipojua hilo atatibu malaria au nimonia ya kawaida, na dawa za mafua hufanya kazi vizuri zaidi zikianzishwa mapema.

Je, ni salama kula kuku na mayai? – Wasomaji wengi

Ndiyo, vikiwa vimeiva. Joto la nyuzi 70 likifika ndani kabisa ya nyama huua virusi hivi, na sufuria yetu ya mchuzi hupita hapo mapema. Nyama iliyo karibu na mfupa isiwe na wekundu, na kiini cha yai kigande. Usinunue wala kuchinja kuku aliyekufa mwenyewe au anayeumwa, na ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuuosha kwa sabuni na maji ya moto.

Ninabeba kreti za kuku kwa bodaboda kutoka kituo cha basi hadi hotelini na sokoni. Kila mtu anasema “osha kreti”, lakini hakuna anayesema vipi. – Mhudumu wa bodaboda, Githurai

Nimefurahi kuipata barua yako, maana umeuliza jambo ambalo sisi wataalamu hulipita juujuu. Chukua kreti moja ya plastiki uigeuze juu chini. Utakuta katika kila kona, pale fito zinapoungana na sakafu ya kreti, kuna tabaka la kinyesi lililokauka na kuwa gumu kama udongo wa kinamo, na chini yake bado pana unyevu. Manyoya madogo yamenasa humo. Ukimwagia maji ya dawa juu ya tabaka hilo, dawa inaishia kwenye uchafu wa juu na haifiki chini, kwa sababu klorini hupoteza nguvu inapokutana na kinyesi. Ndani ya kinyesi virusi hivi huishi muda mrefu: katika baridi ya jokofu vimedumu zaidi ya mwezi mmoja, na hata katika joto la nyuzi 37 vimedumu siku kadhaa. Nairobi ya Julai, yenye mawingu na baridi, inavifaa zaidi kuliko Mombasa.

Kwa hiyo kazi ni ya hatua nne na haziwezi kubadilishana nafasi. Kwanza, kwangua kwa brashi ngumu au kijiti hadi kona zionekane. Pili, sugua kwa maji na sabuni ya unga, ukianzia juu kushuka chini; sabuni yenyewe huviua virusi hivi, kwa kuwa vimezungukwa na utando wa mafuta. Tatu, baada ya kusuuza, mwagia maji yenye dawa ya klorini yaliyochanganywa kama maelezo ya chupa yanavyosema, uyaache yakae dakika kumi hivi. Nne, anika juani hadi ikauke kabisa. Kausho la jua ni sehemu ya dawa, usiliruke. Osha na siti ya pikipiki, kamba za kufungia, na nyayo za viatu vyako.

Ukiweza kuchagua, achana na matenga ya fito na mbao, kwa sababu hayasafishiki. Na usikubali kurudi na kreti tupu ambayo haijaoshwa. Kreti tupu inayorudi shambani ndiyo ambayo hakuna anayeitilia shaka, kwa kuwa haina kuku ndani.

Kama masoko haya ni hatari hivi, kwa nini serikali isiyafunge yote tukanunua kuku waliochinjwa tayari? – Mkazi, Lang’ata

Kufunga kunafanya kazi, na sitaficha hilo. Mwaka 2013 China ilipopata virusi vipya vya H7N9, ambavyo vilikuwa vigumu kuvigundua kwa sababu kuku hawakuonyesha dalili yoyote huku watu wakilazwa hospitalini, masoko ya kuku hai yalifungwa katika miji ya Shanghai, Hangzhou, Huzhou na Nanjing. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba maambukizi kwa watu yalipungua kwa asilimia 97 au zaidi katika kila mojawapo ya miji hiyo. Kunapokuwa na mlipuko uliothibitishwa, ningekuwa wa kwanza kuomba soko lifungwe siku hiyohiyo.

Lakini kufunga daima ni jambo jingine. Kuku wa kienyeji ni benki ya akina mama wa mashambani, na soko la Nairobi ndilo linaloibadilisha benki hiyo kuwa karo na dawa. Wengi wa wanunuzi hawana jokofu. Waislamu wanataka kuwa na hakika kwamba kuku amechinjwa kwa halali, na wenye hoteli wanataka kumwona akiwa hai. Ukifunga milango, mahitaji hayo hayafi. Kuku watauzwa uchochoroni, nyuma ya nyumba, kwenye buti la gari, na hakuna daktari wa mifugo atakayejua walipo. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, kabla ya kuku hata mmoja kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huu nchini, hofu peke yake iliwafanya Wakenya waache kununua kuku, na wafugaji wetu walipata hasara kubwa. Anayekumbuka msimu ule hatakuwa mwepesi wa kuripoti vifo bandani mwake iwapo anajua malipo yake ni kufungiwa.

Ndiyo maana mimi naunga mkono njia ya kati, ambayo Hong Kong iliifikia hatua kwa hatua. Baada ya 1997 waliwatenga mabata na mabata bukini wasikae na kuku. Mwaka 2001 waliweka siku moja kila mwezi ambayo soko huachwa bila kuku kabisa, likasuguliwa na kukauka. Mwaka 2002 waliwaondoa kware, kwa sababu kware huambukizwa na aina nyingi za virusi na kuvichanganya. (Sisi tunaokumbuka msimu wa kware hapa Kenya, 2013 hadi 2014, walipouzwa kando ya kila barabara wakiwa wamepangwa pamoja na kuku, tuna la kufikiri hapo.) Na mwaka 2008 walikataza kuku hai kulala sokoni. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, maana ilipopimwa kwa H9N2, virusi vilivyopatikana kwa kuku vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Nairobi si Hong Kong, na sisemi tunakili kila kitu. Lakini siku moja ya soko tupu kila mwezi inawezekana, ikiwa kaunti itatoa maji ya kutosha na wachuuzi wenyewe wataichagua siku hiyo, isiangukie kabla ya Krismasi wala Idi wakati biashara yao ya mwaka inapofanyika. Kuuza kuku waliobaki kwa bei ya jioni ili wasilale sokoni kunawezekana. Bata kuwa na kona yake kunawezekana. Kinachonisikitisha ni kuona sakafu ya udongo isiyooshika, bomba moja kavu, na ada ya soko ikikusanywa kila asubuhi. Mchuuzi hawezi kuosha kwa maji ambayo hayapo. Na fidia iwepo, ilipwe upesi, kwa mfugaji na mchuuzi ambaye kuku wake wameuawa kwa amri ya serikali. Benki ya Dunia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wenzao walitoa mwongozo kuhusu fidia tangu mwaka 2006, na hoja yake ni rahisi: anayejua atalipwa atapiga simu siku ya kwanza, anayejua atapoteza kila kitu atapakia matenga usiku.

Kuku wakifa ghafla kwa wingi, nimwite nani, na mizoga niifanyeje? – Mfugaji, Kawangware

Mwite afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako siku hiyohiyo. Kama huna namba yake, muulize chifu au duka la dawa za mifugo lililo karibu, na uiandike leo kabla hujaihitaji. Mweleze kuku wangapi wamekufa, kwa muda gani, kama kuna bata miongoni mwao, na kama ulinunua au kurudisha ndege yeyote katika wiki tatu zilizopita. Sampuli zitapelekwa katika maabara ya mifugo ya Kabete. Usijaribu kumpasua kuku mwenyewe ili uone ndani.

Mzoga usiushike kwa mkono mtupu. Ingiza mkono katika mfuko wa plastiki, uushike, uugeuze mfuko juu yake, ufunge, kisha uweke ndani ya mfuko wa pili. Iweke mizoga mahali penye kivuli ambapo mbwa, paka na kunguru hawafiki, hadi afisa afike, kwa kuwa mzoga wa karibuni ndio wenye sampuli nzuri. Baadaye atakuelekeza kuizika katika shimo refu lenye chokaa au kuichoma. Usiitupe jalalani wala mtoni. Wafungie kuku waliobaki, watoto wasiingie bandani, na ukiwa na wateja waliolipia kuku tayari, warudishie pesa zao.